Nondo Huyu, Nondo Hii

Mtu akienda Darajani akasema anatafuta nondo, ataelekezwa kwenye duka la saruji na mabati. Lakini akisema, "Nondo huyu ametoboa kanzu yangu," hakuna atakayefikiria chuma. Chuma ni hii, mdudu ni huyu. Lugha yetu haikungoja shule ili iwapange viumbe: chenye uhai, hata kiwe kidogo namna gani, hupewa upatanisho uleule wa mtu. Askofu Edward Steere, alipozipanga ngeli zetu katika kitabu chake cha mwaka 1870 juu ya Kiswahili cha Unguja, hakuwafundisha watu jambo hilo. Alilikuta midomoni mwao. Nasi tumelisema maisha yetu yote bila kulifikiria, mpaka nondo wenyewe walipotulazimisha.

Ilianza na hasara ndogo. Tulipofungua kasha la mavazi ya ibada karibu na Pasaka, stola moja ya sufu ilikuwa na matundu. Tulikumbuka maneno ya Bwana katika Mathayo 6 juu ya hazina za duniani na waharibifu wake, tukacheka kwa aibu, kisha tukatangaza vita. Kila nondo aliyeingia kanisani jioni kwa kufuata taa alipigwa kandambili. Vita hiyo iliendelea wiki kadhaa, mpaka kijana mmoja wetu anayesomea kilimo alipotuuliza kwa adabu kama tunajua tunamwua nani.

Hatukujua. Nondo wa nguo, alitueleza, ni mdogo kuliko punje ya mpunga, ana rangi ya majani makavu, na anaikimbia taa badala ya kuifuata. Tena akishakuwa nondo kamili hali kitu. Anayekula sufu ni kiwavi wake, gizani, ndani ya kasha. Wale wakubwa tuliokuwa tukiwaponda ukutani walitoka mashambani na hawajawahi kugusa kitambaa cha mtu. Tulikuwa tukiwaadhibu wageni kwa kosa la wenyeji.

Basi tukaanza kutazama. Usiku wa giza, mwezi ukiwa bado haujaandama, tulitundika shuka jeupe nyuma ya kanisa letu dogo, nje ya Mji Mkongwe, tukaliwekea taa kali mbele. Walikuja watoto wa shule ya Jumapili, vijana wa kwaya, na bibi wawili watatu waliosema wamekuja kuwachunga watoto lakini hawakubanduka kwenye shuka. Kijana wetu alileta kioo cha kukuzia.

Jambo la kwanza alilotuonyesha ni papasi. Papasi za kipepeo huishia na kifundo, kama kijiti cha kiberiti. Za nondo hazina kifundo: ama ni nyembamba kama uzi, ama zina manyoya kama ya kuku. Kisha akatuonyesha mahali bawa la mbele linapokutana na la nyuma. Kwa nondo wengi pana unywele mgumu unaoyashika mabawa mawili pamoja kama ndoana. Dume anao mmoja mnene, jike anao kadhaa vyembamba. Ile vumbi inayobaki kidoleni ukimshika ni magamba, yaliyopangwa kama makuti ya paa, na mtaalamu huyaondoa ili aisome mishipa ya bawa iliyo chini yake. Lililotushangaza kuliko yote ni masikio. Nondo wengi wanasikia, nao humsikia popo kabla hajawafikia. Lakini jamii moja masikio yake yako kifuani na nyingine yako tumboni, na wanaowapanga nondo hutumia jambo hilo kuzitenga familia kubwa. Bibi mmoja alisema hata watu wengine masikio yao yako tumboni. Tulicheka sana. Tunaliandika hapa kwa sababu ni kweli.

Usiku wa tatu alitua nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu la kichwa mgongoni. Kijana alipomgusa, akalia, sauti nyembamba kama ya panya. Wengine walirudi nyuma. "Zimeni taa," akasema mzee mmoja, naye hakuwa akitania. Huyu ndiye ambaye Linnaeus alimwandika mwaka 1758 kwa jina la Atropo, yule wa hadithi za Wayunani anayekata uzi wa uhai. Watu wa Ulaya nao walimwogopa. Lakini maisha yake ni ya kawaida kabisa: huingia mizingani kuiba asali, na kiwavi wake hula majani ya mimea ya jamii ya mbilingani. Hata fuvu lenyewe halimtambulishi vya kutosha, maana huko Asia wako ndugu zake wawili wenye fuvu kama hilo. Alama inayopiga kelele kuliko zote haikumwambia mtu lolote juu ya kifo, na hata juu ya jina lake ilisema nusu tu.

Tungeweza kuishia hapo na kurudia fundisho la 1 Samweli 16, kwamba binadamu hutazama sura ya nje bali Bwana hutazama moyo. Mahubiri mengi huishia hapo. Lakini mambo mawili yalitokea yaliyotuzuia.

La kwanza ni shamba. Mmoja wetu analima mahindi Wilaya ya Kati. Viwavi walipoingia, tulikwenda kumpa pole, tukatazama, tukasema kwa uhakika: ni viwavijeshi, tunawajua tangu utoto. Wale wa zamani huja kwa kundi, hula, kisha hushuka ardhini, na wakiota mabawa huondoka. Tukamshauri angoje wapite. Hawakupita. Walikuwa viwavijeshi vamizi, wenyeji wa bara la Amerika, walioonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka 2017. Hawa hujificha ndani ya moyo wa mche na kuzaa kizazi baada ya kizazi. Alama walikuwa nazo: usoni mstari mweupe wenye umbo la Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyojipanga mraba. Zilikuwa wazi mchana kweupe, nasi tulikuwa tumesimama hatua moja kutoka kwake. Mwenzetu alipoteza sehemu kubwa ya mavuno yake kwa ushauri wa ndugu zake katika Kristo, na hajatulaumu hata siku moja, jambo linalotuumiza zaidi. Tangu siku hiyo hatuwezi kusema kwamba kuwatenga viumbe kwa aina zao ni udadisi wa wasio na kazi, au kwamba mwenye upendo hahitaji kutazama alama. Tulimpenda, na tulimharibia.

La pili ni lile la kukata. Wako nondo ambao rangi, papasi na mishipa ya mabawa haitoshi kuwatenganisha. Hapo mtaalamu hulivunja tumbo la nondo mkavu, hulilainisha katika dawa kali ya potashi, hulisafisha kwa brashi ndogo, na kuvitazama viungo vya uzazi chini ya hadubini. Wataalamu wa zamani walivifananisha viungo hivyo na kufuli na ufunguo, kila aina na ufunguo wake. Ulinganisho huo una mashaka yake, lakini kwa kutambua nondo njia hii inategemewa mpaka leo. Yaani ndani kweli ndiko kunakosema ukweli, kama Samweli alivyoambiwa. Ila sisi hatufiki huko ila kwa kuua. Mama mmoja aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu alitusikiliza, akasema kwamba hayumo katika hilo: "Mungu anamwona wa ndani akiwa hai. Nyinyi mpaka afe." Hatukuwa na jibu, na hatuna.

Tena hata wanaokata hurudi na kujisahihisha. Mwaka 1862 Charles Darwin alipokea ua la okidi kutoka Madagaska lenye mrija wa asali wenye urefu wa karibu sentimeta 30, akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kuufikia. Wako waliomcheka. Nondo huyo alipopewa jina mwaka 1903, Darwin alikuwa amekwisha kufa, na walioandika wakamhesabu kuwa tawi tu la nondo wa bara la Afrika. Mwaka 2021 ndipo watafiti walipopima tena ndimi, mabawa na chembe za urithi, wakakubali kwamba ni spishi yake peke yake. Miaka 118 aliitwa tawi la mwingine. Yeye hakupungukiwa na kitu, kwa kuwa nondo hajui anaitwaje.

Mtu anajua. Na hapa lazima tuseme lile tulilokuwa tukilizunguka.

Sikukuu kubwa huwa tunakwenda kusali Mkunazini. Kila Mkristo wa Unguja anajua kanisa lile limesimama wapi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Katika soko lile miili ilitazamwa kwa makini ambayo hatujafikia bado na kioo chetu. Mnunuzi alipapasa misuli, aliwatembeza watu aone kama wanachechemea, alipanua midomo ahesabu meno. Kisha akawapanga kwa umri, kwa jinsia, kwa asili, kila fungu na bei yake. Tulipokuwa tumemkalia nondo yule mwenye fuvu, tukimgeuza chini ya taa, mmoja wetu ambaye ukoo wake ulianzia kwa watumwa walioachwa huru wa Mbweni alinyamaza ghafla, akaenda kukaa pembeni. Hakusema kwa nini. Hakuna aliyeuliza.

Tofauti iko wapi basi? Haiko katika usahihi, maana mnunuzi hakukosea kuhesabu meno. Wala hatuwezi kujisifu kwa upole: sisi nondo tulimwua, yeye alimtaka mtumwa awe hai. Tumelijadili jambo hili zaidi ya jioni moja, na tulipofikia ni hapa. Kwa nondo, mwili ndio ushahidi pekee tuliopewa. Hawezi kutuambia neno. Mtu ana kinywa. Mnunuzi wa Mkunazini alikifungua kinywa cha mtu ili aone meno, wala hakungoja kusikia jina. Aliyekuwa huyu akamgeuza kuwa hii, mbele ya lugha inayokataa jambo hilo katika kila sentensi.

Tungependa kuliacha kosa hilo kwa watu wa karne iliyopita na ile ya kabla yake. Lakini mwaka juzi alikuja kijana kusali nasi. Tulimkaribisha vizuri, tukamwuliza, "Kwenu wapi?" Akajibu kwao Masasi. Tukaridhika. Miezi mitatu alibeba viti, alifagia ua, aliimba besi, naye kwetu alikuwa "yule Mmakonde". Alipoacha kuja, Padri alitutaka tumtafute, ikaonekana kwamba hakuna hata mmoja wetu anayejua jina lake. Baadaye tulisikia kwamba hata Mmakonde si, ni Mmakua. Kwa nondo tungejifunza tofauti hiyo kwa jioni nzima, na kioo mkononi.

Katika Mwanzo 2 Mungu anawaleta wanyama kwa Adamu ili aone atawaitaje. Tunapoisoma sasa, tunaona kwamba Adamu hakuambiwa awapangie thamani, na kwamba kila mmoja aliletwa mbele yake akiwa hai. Shuka bado tunalitundika. Tumekubaliana kwamba hatuui ila pale jina linapohitajika kwa ajili ya shamba la mtu, na wa kumgandisha kwenye friza awe mmoja tu. Mama muuguzi bado hajakubali, na usiku wa kuua haji. Kisanduku chenye nondo waliochomwa pini kimewekwa kabatini pamoja na mavazi ya ibada, kikiwa na vidonge vya naftalini ili wadudu wengine wasiwale. Wawili kati yao bado hawana jina. Kuhusu kijana yule, tumeambiwa anafanya kazi ya ujenzi Fumba, anafunga nondo za majengo. Watatu wetu watakwenda Jumamosi.