Je, Utupu Unavuta?

Lori la maziwa likishamaliza kushusha mzigo wake kiwandani, bomba halitakiwi kubaki na hata tone. Kwenye kisima mambo ni mengine: fundi hufunga vali chini ya bomba ili maji yasirudi, na kesho yake pampu ikiwashwa hukuta kazi imeshaanza. Maziwa hayana uvumilivu huo. Yakilala bombani usiku kucha, asubuhi bakteria wameshazaliana kupita kiasi. Ndiyo maana kiwanda hulazimika kuianzisha pampu kila mara ikiwa na hewa tupu mbele yake, na pampu ya kawaida ya mapanga haiiwezi hewa. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi. Mapanga yakikosa uzito wa kushika huzunguka bure.

Pampu inayojijaza yenyewe huanza na maji kidogo yaliyoachwa tumboni mwake. Katika aina moja, gurudumu likizunguka maji hayo hurushwa pembeni yakafanya pete ukutani. Gurudumu lenyewe halikukaa katikati, kwa hiyo nafasi kati ya mapanga na pete hupanuka upande mmoja na kubanwa upande wa pili. Hewa inachotwa huku, inatemwa kule. Baada ya muda mfupi maziwa yanapanda.

Yanapanda kwa nini? Swali hilo la mafundi liliwahi kuwagombanisha wanafalsafa, na likafika hadi kwa maaskofu.

Aristotle alikana kwamba utupu unaweza kuwepo, na waliomfuata wakaeleza kuwa maji hupanda kwa sababu maumbile hayakubali pengo. Katika Uislamu, wanatheolojia wa Kimu'tazila wa Basra waliukubali utupu, wenzao wa Baghdad wakaukataa. Mwanafalsafa Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliuandikia risala nzima: hewa ikipunguzwa chomboni, alisema, ile iliyobaki hutanuka na kuijaza nafasi yote. Mjini Paris hoja iligusa uweza wa Mungu. Tarehe 7 Machi 1277 Askofu Étienne Tempier alilaani kauli 219, mojawapo ikidai kuwa Mungu hawezi kuzisogeza mbingu kwa mstari ulionyooka, kwani zingeacha utupu nyuma yake. Askofu hakuwa mtetezi wa utupu. Alichokataa ni Mgiriki wa kale kumwekea Mwenyezi Mungu mipaka.

Ushahidi ulitoka kwenye pampu. Mwaka 1638 Galileo aliandika kwamba pampu ya kuvuta haipandishi maji zaidi ya dhiraa 18, yaani kama mita 10. Basi ikiwa maumbile yanachukia utupu, mbona chuki hiyo inaishia mita 10? Mwaka 1644 mwanasayansi Torricelli, akitumia mrija wa zebaki, alijibu kuwa hakuna kinachovuta: hewa ya nje ina uzito, nao ndio unaosukuma. Miaka minne baadaye, kwa maagizo ya mwanahisabati Blaise Pascal, shemeji yake Pascal alipanda na zebaki mlima Puy de Dôme, na kule juu ikawa imeshuka sentimita 8 hivi.

Nairobi, iliyo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni ushahidi uleule. Dar es Salaam hewa inaweza kuyasukuma maji baridi hadi mita 10.3, Nairobi haifiki mita 8 na nusu. Pampu ileile, bomba lilelile.

Pascal alishinda, lakini mpinzani wake mmoja, padri Mjesuti Étienne Noël, alistahili kusikilizwa zaidi. Mwaka 1647 alihoji: ikiwa juu ya zebaki mrijani hakuna kitu, kama Pascal alivyodai, mwanga unapitaje? Jibu lake lilikuwa na kasoro, ila shaka yake kwamba pale pana kitu ina mashiko, na anayeijua vizuri ni fundi anayeosha mabomba.

Mabomba ya maziwa huoshwa bila kufunguliwa, kwa soda kali iliyochanganywa na maji yenye joto la nyuzi 80 hivi. Pampu ya kurudisha soda hiyo hupokea mchanganyiko wa hewa na maji, ndiyo sababu huwa ya kujijaza yenyewe. Kwa joto hilo mvuke wa maji husukuma kinyume kwa karibu nusu ya nguvu ya hewa ya pwani. Nairobi kinachobaki hakitoshi hata mita 4, na hapo msuguano wa bomba haujahesabiwa. Ukizidisha kimo hicho, maji huchemka ndani ya bomba. Mapovu huingia kwenye pampu, hupasuka kwa kishindo cha kokoto, na kuchimba chuma cha pua kilichong'arishwa hadi mikwaruzo yake isizidi mikromita 0.8. Katika vishimo hivyo bakteria hupata maficho ambayo soda haifiki.

Kumbe pale palipotarajiwa pasiwe na kitu, mvuke umeshapajaza. Al-Farabi asingeshangaa. Fundi naye hana haja ya kuamua kati ya Pascal na Noël: husogeza pampu karibu na tangi, hufunga bomba pana zaidi na kupunguza kasi, ili hewa ya nje iwahi kusukuma kabla mvuke haujashika nafasi.