TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 11: Sungura na Waya



Ndugu yangu uliyefunga, leo tuzungumze habari za sungura. Usicheke. Wengi wetu tuna jamaa kijijini ambao kitoweo chao cha futari hutoka porini, na swali lao huwa moja tu: halali au haramu?

Nyama yake ni halali kwa Ahlus Sunna (ndugu zetu Jaafari hawamli, hilo linajulikana). Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia katika Bukhari na Muslim kwamba walimkurupusha sungura pale Marr al-Dhahran, karibu na Makka. Watu wakamfukuza mpaka wakachoka, Anas akamkamata. Abu Talha akamchinja, na mapaja yakapelekwa kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akayapokea.

Angalia: walimkimbiza kwa miguu, na alipokamatwa akapelekwa kuchinjwa.

Sasa njoo kwetu. Jiwe la manati likimuua, huyo ni nyamafu, amekufa kwa kipigo. Mbwa aliyefunzwa, ukitaja jina la Allah unapomwachia, hata akimuua unakula. Ila mbwa akianza kumtafuna, mwachie, maana kajiwindia mwenyewe. Waya ukimkaba akafa, Suratul Maida aya ya 3 imeshamtaja aliyenyongwa. Ukimkuta hai ukamchinja, unakula.

Hapo wengi hufunga kitabu. Mimi naona hapo ndipo swali linapoanza. Umetega jioni, ukaenda kufuturu, ukaswali Tarawehe, ukalala. Yeye kanaswa saa tatu usiku. Waya uko mguuni, na kila akijivuta unazidi kuingia. Unamfikia saa kumi na mbili asubuhi, bado yu hai, unasema Bismillah, unachinja. Nyama halali. Na ule usiku je? Nani atauhesabu?

Mtu atasema sheria inatazama kisu. Sawa, lakini Mtume ametuamrisha tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Aliyehimizwa kuhurumia dakika moja ya kisu atafumbiaje macho masaa tisa ya waya? Na yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, kosa lake lililotajwa ni kumfungia: hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Tanzi lililosahaulika porini lina tofauti gani?

Simlaumu mwenye njaa, jamani. Baba mwenye watoto watano na sufuria moja ya maharage hana bucha la kuchagua. Namwambia tu hivi: wewe leo umeshinda na kiu kwa hiari yako, na adhana unajua italia saa ngapi. Mwenzio hajui. Kama una kibali (Tanzania sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka leseni, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977), basi tega mahali unapoweza kukagua. Tumia mtego wa sanduku, umkute mzima bila jeraha. Ukiamka kula daku, pita mtegoni kwanza. Ukisafiri, tegua yote. Na asiye na kibali, sungura wa kufuga wapo, banda lake ni mbao chache na majani.

Mwenye tanzi porini usiku huu, Tarawehe ya leo inaisha saa tatu. Njoo na tochi, vijana wa msikiti watakusindikiza.