Dada Aliyembeba Mdogo Wake



Mwezi wa Septemba mwaka 2023 tulipanda boti ya mbao pale Goma kwenda kisiwa cha Idjwi, sisi pamoja na kijana mmoja wa parokia yetu. Kijana huyo alikuwa amekwisha pata diploma yake ya Leta, naye alikuwa karibu kuanza mwaka wa kwanza katika chuo kikuu hapa mjini. Kabla ya kuanza alitaka kwenda kumuaga dada yake mkubwa, aliyeolewa kule kisiwani. Kusema kweli hakwenda kuaga tu. Alikwenda pia kuchukua franka ambazo dada alikuwa amemwekea, maana pesa za masomo zilikuwa hazijatimia.

Ziwa lilikuwa limetulia siku ile. Watu walikaa juu ya magunia ya unga na mabati, na mama mmoja karibu yetu alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine miguuni. Tulipopita mbele ya Bulengo tuliona kambi ya wakimbizi juu ya mwamba, mahema meupe bila hesabu. Yule mama akasema, “Hata humo wanazaa kila siku.” Mzee mmoja akamjibu, “Na wafanye nini, Mama? Wangoje vita viishe?” Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Kambi zile hazipo tena. Baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma mwezi wa Januari 2025, watu wake walilazimika kuondoka. Lakini lile neno la mzee hatukulisahau, na ndilo lililotufanya tuandike habari hizi.

Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa Kivu, nacho ni cha jimbo la Kivu ya Kusini. Upana wake ni kama kilomita za mraba 300 hivi, na wenyeji wamepita laki mbili. Wengi ni Wahavu, na pamoja nao wako Wambuti, ambao mashamba yao ni haba kuliko ya wote. Ukipanda kilima, waona migomba, mihogo, kahawa na mananasi vimebanana, na hakuna mahali pa kuongeza jembe. Upande wa mashariki, ng'ambo ya maji, yaonekana milima ya Rwanda. Usiku taa za wavuvi wa sambaza hufanya mji mwingine juu ya maji. (Vijana wengi hudhani sambaza ni samaki wa asili wa ziwa letu. Sivyo. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika karibu mwaka 1959.)

Tulipofika, dada alitupokea kwa furaha, akatuandalia bugali na sambaza. Ana watoto wanne. Tukamwuliza, kama ilivyo desturi, yupi ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Akacheka, akamwonyesha kidole mdogo wake, huyo kijana wa chuo kikuu: “Wa kwanza ni huyu. Nilimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na baada yake nikabeba wengine wawili.”

Kwao walizaliwa tisa. Yeye ni wa kwanza, kijana ni wa saba. Alipokuwa na miaka kumi na miwili aliachishwa masomo, si kwa ubaya wa wazazi. Mama alikuwa akienda shambani, baba akivua, na nyumbani ni nani angeangalia wadogo? Baadaye watatu kati ya tisa walikufa wangali watoto. Haya yote alitusimulia huku akimenya mihogo, bila uchungu katika sauti. Kisha akaongeza neno lililomshtua kidogo mdogo wake: “Mimi nimemwambia mume wangu kwamba wanne wametosha. Mama mkwe amekasirika. Anasema nafunga mlango wa ukoo.”

Je, mama mkwe ana haki? Au dada? Swali hili si la nyumba moja tu. Siku hizi ni la dunia nzima, tena huko kwingine limekwisha geuka upande wa pili.

Tutazame Italia. Mwaka 1964 walizaliwa huko watoto zaidi ya milioni moja. Mwaka 2024 walizaliwa kama 370,000 tu, na kwa wastani kila mwanamke hupata mtoto mmoja na kidogo, yaani 1.18. Korea ya Kusini wameshuka chini zaidi: mwaka 2023 ilikuwa 0.72. Kwa hesabu hiyo, babu na bibi wanne hupata mjukuu mmoja, au hawampati. Wala si mbali tu. Nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke alizaa kwa wastani watoto nane. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 3.4. Katika Rwanda, ile tuliyoitazama kutoka Idjwi, walikuwa zaidi ya wanane mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2019 na 2020 walikuwa 4.1. Kwetu Kongo uchunguzi wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta 6.6. Basi maji yanapungua pande zote, na sisi tumo katika ziwa hilohilo.

Msomaji atasema: Kongo haijapata kamwe kulia kwa kukosa watoto. Kumbe ilipata. Zamani za Wabelgiji, nchi ya Wamongo katika Equateur, na sehemu za Uele, zilikuwa na nyumba nyingi tupu. Mapadre waliokaa huko, kama Edmond Boelaert, waliandika kwa hofu juu ya kabila linalopungua. Maandiko yake juu ya hesabu ya Wankundo-Mongo yalitoka katika miaka ya 1940. Serikali ilipofanya uchunguzi mkubwa tangu 1955 hadi 1957, ilionekana wazi kwamba huko wanawake wengi sana walikuwa hawajazaa hata mara moja. Sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa, ambayo dawa ya penisilini ilikuja kuyapunguza. Tunayakumbusha haya kwa sababu moja. Wanawake wale walichekwa na kufukuzwa nyumbani kama miti isiyozaa, ingawa mara nyingi aliyeuleta ugonjwa nyumbani ni mume. Watu wanapohesabu watoto, mwanamke ndiye anayeulizwa kwanza, na ndiye anayelaumiwa, wakiwa haba au wakiwa wengi.

Sasa, kwa nini uzazi unapungua? Wengine hujibu upesi: ni anasa, watu wameacha Mungu. Jibu hilo ni rahisi mno. Kwanza, watoto hawafi tena kama zamani. Mama aliyezika watatu kati ya tisa alijua kwa nini alizaa tisa. Pili, kuna shule. Mwaka 1976 bwana mmoja wa Australia, John Caldwell, aliyekuwa amekaa kwa utafiti katika Ghana na Nigeria, aliandika kwamba jambo kubwa ni njia ya mali katika jamaa. Zamani mali ilipanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi: mtoto alilima, alichota maji, alichunga. Shule ikaja, mali ikaanza kushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Kalamu, viatu, na sasa chuo kikuu. Wazee wetu hawakuijua gharama hiyo. Chuo kikuu cha Lovanium, karibu na Kinshasa, kilifunguliwa mwaka 1954, na siku ya Uhuru, mwaka 1960, Wakongo waliokuwa wamemaliza masomo ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Leo Goma peke yake ina vyuo vikuu kadhaa, na kila mama wa soko anataka mwanawe aingie. Ni vizuri. Lakini hakuna awezaye kuwaingiza tisa.

Usiku ule tulipokaa nje, yule kijana alitoa hoja yake, na ilikuwa kali. Alisema, “Kama wazazi wangu wangesema wanne wametosha, mimi wa saba nisingekuwapo. Ninawezaje kusifu uzazi haba?” Tulitafakari sana hoja hiyo, maana ilitugusa. Lakini ukiifuata mpaka mwisho haisimami. Kama ni hivyo, hata wazazi wake walikosea kuishia tisa, kwa kuwa wa kumi hakuja. Na mapadre na masista wetu wamewanyima uhai watu wengi sana! Asiyekuwapo hawezi kudhulumiwa. Aliyekuwapo aweza. Na aliyekuwapo katika nyumba ile ni msichana wa miaka kumi na miwili aliyeweka daftari chini ili ambebe mdogo wake.

Hapa ndipo mawazo yetu yalipogeuka. Tulikuwa tukiuliza ni wangapi, kumbe yafaa kuuliza ni nani anayewabeba. Mtu asemaye “watoto ni mali” huhesabu faida ya baba na kusahau mgongo wa binti. Mtu asemaye “watoto ni mzigo” huhesabu gharama yake na kusahau kwamba uzee wake utabebwa na watoto wa wengine. Hata kule Ulaya kuna anayebeba: nyumba za wazee huhudumiwa na mabinti wa nchi maskini, na parokia ambazo zamani zilituletea wamisionari, wengi wao wana wa jamaa kubwa za wakulima, sasa zinaomba mapadre kutoka kwetu. Hatusemi hayo kwa kuwacheka. Vijana wengi wa huko wangependa kuzaa, lakini nyumba ni ghali, kazi haina hakika, na hofu imewakaa. Hofu si busara, ijapokuwa zinafanana usoni.

Kanisa nalo halikupata kufundisha kwamba wema wa mkristo hupimwa kwa hesabu ya watoto. Paulo wa Sita, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alisema ni wazazi wenyewe waamuao idadi, wakijua wajibu wao mbele ya Mungu, mbele ya watoto waliokwisha zaliwa na mbele ya jamii. Mwaka uliofuata, katika Humanae vitae, alizikataa njia fulani za kuzuia uzazi, na twajua kwamba jambo hilo limewasumbua Wakristo wengi. Lakini papo hapo alinena juu ya uzazi wenye kuwajibika. Naye Papa Fransisko, mwaka 2015, alisema wazi kwamba Mkatoliki halazimiki kuzaa kama sungura. Basi yule dada wa Idjwi, anapotazama shamba lake na kusema wanne wametosha, si mwasi. Amehesabu waliokwisha zaliwa. Lililobaki, yaani njia gani, ni shauri lake na mume wake na dhamiri yao, na twaomba mume ashiriki shauri hilo wala asimwachie mke peke yake, kama ilivyo desturi yetu mbaya.

Na mama mkwe? Hatukumdharau. Kisiwani wanaume wengi walikuwa wakivusha kahawa usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda, na wengine walizama. Mwanamke aliyeona maji yakimeza watu hawezi kuridhika na hesabu ndogo. Tulimwendea asubuhi kumsalimu. Alituuliza kama Goma kuna amani, tukasema bado. Akasema, “Basi mnaona.” Hatukuwa na jibu la kumpa.

Siku ya kurudi dada alimpa kijana zile pesa ndani ya kitambaa, na mananasi sita kwa ajili ya mama yao. Bintiye wa kwanza, mwenye miaka kumi na mmoja, alitusindikiza mpaka ufukoni. Alikuwa amevaa sare ya shule, maana siku ile masomo yalikuwa yameanza, na mgongoni hakuwa na kitu isipokuwa mkoba wa daftari. Kijana aliutazama mkoba ule kwa muda mrefu. Mpaka tulipofika Goma hakusema neno juu ya watoto. Alituuliza tu ni ajira gani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kupata jioni, kwa kuwa alitaka kurudisha pesa za dada kabla binti huyo hajafika darasa la sita.