Hesabu Isiyoonekana Mezani



Katika sura ya 14 ya Injili ya Mtakatifu Luka, Bwana wetu Yezu Kristu anafundisha kwa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo huketi kwanza, huhesabu gharama, huona kama feza yake itatosha hata mwisho wa kazi. Akianza bila kuhesabu, msingi utabaki peke yake na wapita njia watamcheka. Tena anatoa mfano wa mfalme anayefanya shauri kabla ya vita, kama askari wake 10.000 wataweza kumkabili adui mwenye askari 20.000. Bwana wetu hamdharau mtu anayehesabu. Anachotaka ni kwamba hesabu ifike mwisho, isiachwe katikati.

Siku hizi liko jambo moja ambalo watu wengi wanalihesabu kwa akili nyingi, lakini hesabu yao haifiki mwisho. Ni mchezo wa karata uitwao poka, unaochezwa kwa feza ndani ya simu. Zamani mtu aliyetaka kucheza kamari ya karata alipaswa kwenda mahali na kuketi pamoja na wengine, na jirani zake walimwona. Tangu mwaka 1998 mchezo huo ulianza kuchezwa kwa feza kwa njia ya intaneti, na leo meza ya karata inaingia katika mfuko wa shati. Mtu anaweza kuketi mbele ya nyumba yake, mkewe akidhani anasoma habari za ndugu, kumbe anacheza na watu wa nchi asizozijua.

Je, mchezo huo ni dhambi? Mkristu asijibu kwa haraka. Kwanza aufahamu.

HESABU YA MCHEZAJI

Karata zote ni 52. Zina alama 4, na kila alama ina karata 13. Kwa namna inayochezwa zaidi, kila mchezaji hupewa karata 2 za siri, na karata nyingine 5 hufunuliwa katikati mbele ya wote: kwanza 3 pamoja, kisha 1, kisha 1 ya mwisho. Kabla ya kuzifunua, na kila mara zinapokwisha kufunuliwa, wachezaji huweka feza katikati. Mwenzake akiwa ameweka feza mbele yake, mchezaji ana njia 3: kulipa sawasawa, kuongeza, au kutupa karata zake na kuiacha feza aliyokwisha kuiweka. Mwenye karata bora, au yule aliyebaki peke yake baada ya wengine kutupa, huchukua fungu lote.

Mchezaji hodari halipi kwa sababu moyo wake unamsukuma. Huhesabu. Kwa mfano, ana karata 2 za alama moja, na katika zile 4 zilizokwisha kufunuliwa, 2 ni za alama ile ile. Akipata ya 5, atashinda. Anaziona karata 6. Zilizofichika ni 46. Katika hizo, za alama yake zimebaki 9. Basi katika mara 46 atapata mara 9 na kukosa mara 37, yaani atapata karibu mara 1 katika kila mara 5.

Kama fungu la katikati ni franka 3.000, naye anadaiwa franka 1.000 ili aione karata ya mwisho, hesabu yake ni hii: katika mara 46 atapata 27.000 na kupoteza 37.000. Ni hasara ya 10.000, afadhali atupe. Lakini kama fungu ni franka 6.000 naye anadaiwa 1.000 zile zile, atapata 54.000 na kupoteza 37.000. Ni faida ya 17.000, afadhali alipe. Karata ni zile zile na woga ni ule ule. Kilichobadilika ni hesabu.

Yako pia mashindano madogo. Kwa mfano, watu 10 wanatoa kila mmoja franka 1.100. Franka 100 za kila mmoja zinachukuliwa na mwenye meza, na zile 10.000 zinazobaki zinagawanywa: wa kwanza 5.000, wa pili 3.000, wa tatu 2.000. Wale 7 hawapati kitu. Kila mmoja huanza na vigae sawasawa, na anayevimaliza hutoka. Kila baada ya muda kiasi cha kuweka kwa lazima kinaongezwa, hata asiwepo mtu wa kuketi tu na kungoja karata nzuri.

Mwishoni mtu mmoja amekusanya vigae vyote vya watu 10. Je, anapewa franka 10.000? Hapana, anapewa 5.000 tu. Kwa hiyo kigae kinachopatikana kina thamani ndogo kuliko kigae kinachopotea. Ndiyo sababu mchezaji hodari, akiona wamebaki watu 4 na wanaolipwa ni 3, hutupa hata karata ambazo siku nyingine angezilipia. Tena mkatekumeni atazame jambo la mwisho: watu 10 wameingia na franka 11.000 na wametoka na 10.000. Mwenye meza hakushika karata hata moja, naye ndiye asiyekosa kamwe.

MFANO WA MKULIMA

Mkulima mmoja, mkatekumeni wa mwaka wa mwisho, aliuza mahindi, akapata franka 30.000 za kumlipia binti yake shule ya sekondari. Alizitia katika simu ili azipeleke siku ya Jumatatu. Jumamosi usiku akaingia na feza hiyo katika mchezo wa poka.

Hakucheza kama mlevi. Karata mbaya alizitupa, akangoja. Ikafika zamu ambayo watu 5, pamoja naye, waliweka kila mmoja 10.000. Karata 4 zikafunuliwa, naye akawa na 4 za alama moja. Wenzake watatu wakaweka kila mmoja 20.000. Fungu likawa 110.000, naye alidaiwa 20.000, ndizo zote zilizobaki. Akahesabu: mara 9 kwa mara 37, 990.000 za kupata, 740.000 za kupoteza. Hesabu ilikuwa sahihi. Akalipa. Karata ya mwisho ikafunuliwa, haikuwa ya alama yake.

Usiku ule alijiambia, “Sikukosea.” Kweli, katika hesabu ya karata hakukosea. Lakini hesabu ya mara 46 inamfaa mtu mwenye feza ya kulipa mara 46. Yeye alikuwa na mara 1 tu, na katika mara 1 mtu wa namna hiyo hukosa zaidi kuliko kupata. Tena, kama kigae cha mashindano, franka yake iliyopotea ilikuwa na uzito kuliko franka ambayo angeipata. Kama angeshinda, binti angelipiwa shule ile ile aliyokuwa tayari kulipiwa. Alipopoteza, binti alirudishwa nyumbani.

Siku ya tatu akamwendea mzee aliyechaguliwa kuwa msimamizi wake wa ubatizo.

“Baba,” akasema, “nakuomba unisindikize kwa mfanyabiashara. Nataka kukopa franka 30.000, nizirudishe zile nilizopoteza.”

Mzee akamwuliza, “Mwanangu, katika mchezo wako, mtu anapofikiri kama atalipa au atatupa, je, anahesabu ile feza aliyokwisha kuiweka katikati?”

“Hapana, baba. Ile si yake tena. Mjinga ndiye anayeifuata. Hodari hutazama mbele tu, na akiona njia ni mbaya, hutupa karata.”

“Basi, mwanangu, tupa karata.”

Mkulima akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Lakini Pasaka imekaribia, baba. Mama wa mtoto hajui. Nilifikiri nitanyamaza mpaka siku ile, na ubatizo utaondoa yote.”

“Ubatizo unaondoa dhambi zote,” mzee akajibu, “lakini haulipi shule ya mtoto. Utatoka majini ukiwa mtoto wa Mungu, na deni lako litakuwa linakungoja mlangoni pa kanisa. Tena, siku ile Padri atakuuliza kama unamkataa Shetani na mambo yake yote. Utajibuje, na siri hii iko mfukoni mwako?”

Mkulima akaenda nyumbani, akamwambia mkewe yote. Mke alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Baba watoto, feza peke yake isingaliniuma hivi. Shamba lile nililima mimi pamoja nawe. Umeliweka jembe langu mezani bila kuniuliza.”

Waliuza mbuzi wawili kwa bei ndogo, kwa kuwa muuzaji mwenye haraka hapewi bei nzuri. Binti akarudi shuleni baada ya majuma mawili. Simu ikakaa mikononi mwa mama mpaka Pasaka.

MAFUNDISHO YA KANISA

Katekismu ya Kanisa Katolika, iliyotangazwa mwaka 1992, katika namba 2413 inafundisha kwamba michezo ya bahati na kuwekeana feza si kinyume cha haki kwa asili yake. Inakuwa mbaya inapomnyima mtu kile kilicho cha lazima kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea. Tena inaonya kwamba tamaa ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa, na kwamba kudanganya katika mchezo ni jambo zito, isipokuwa hasara iliyoletwa ni ndogo sana.

Kwa hiyo wanaume wanaocheza karata jioni kwa karanga chache wasihukumiwe kama wezi. Wala mchezaji wa poka mwenye karata mbaya anayeweka feza kwa ushujaa ili kuwatisha wenzake hasemi uongo. Wote wamekubali mchezo wa namna hiyo. Lakini watu wawili wakipatana kwa siri kumla wa tatu, au mtu mmoja akiketi mezani kwa majina mawili, au akiiacha mashine icheze kwa jina lake katika mchezo unaokataza hivyo, huo ni wizi, na feza hiyo yapasa irudishwe.

Mkristu ajihoji mambo manne kabla ya karata ya kwanza: Je, feza hii ni yangu kweli? Je, ikipotea yote, yuko mtu atakayelala njaa au kukosa dawa au shule? Je, mchezo huu hauna hila? Je, naweza kuacha ninapotaka? Kama jibu moja ni baya, hakuna haja ya kuhesabu karata. Maana kila mtu anayekula kwa feza ile ameketi mezani pamoja na mchezaji, ingawa hakuonyeshwa karata wala hakuulizwa.

MTAKATIFU ALIYETUPA KARATA

Mtu aliyekwisha kunaswa asikate tamaa. Mtakatifu Camillus de Lellis alizaliwa mwaka 1550 huko Bucchianico, nchi ya Italia. Alikuwa askari, mtu mrefu mwenye nguvu, naye kamari ilimshika kama mnyama katika tanzi. Mwaka 1574, mjini Napoli, alipoteza vyote alivyokuwa navyo, na inasimuliwa kwamba hata shati lake lilikwenda. Akawa kibarua katika ujenzi wa Mapadri Wakapuchini huko Manfredonia. Tarehe 2 Februari 1575 Mungu alimgusa moyo njiani, akapiga magoti akalia.

Hakutafuta kurudisha alichopoteza. Alikwenda Roma, akawatumikia wagonjwa wa hospitali ya San Giacomo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na donda mguuni lisilopona. Akapata upadri mwaka 1584, akaanzisha shirika la watumishi wa wagonjwa, wenye kuvaa msalaba mwekundu. Alikufa tarehe 14 Julai 1614. Mwaka 1746 Papa Benedikto XIV alimtangaza Mtakatifu, na mwaka 1886 Papa Leo XIII alimweka, pamoja na Mtakatifu Yohane wa Mungu, kuwa msimamizi wa wagonjwa na hospitali. Mikono iliyozoea kushika karata ikazoea kuwaosha wagonjwa.

MAULIZO

Je, kucheza karata kwa feza ni dhambi siku zote?
Hapana. Ni dhambi mchezo unapokuwa na hila, au unapokula feza ya watu wengine, au chakula, dawa na shule ya jamaa, au unapomfanya mtu mtumwa.

Je, mtu aliyehesabu vizuri ana haki ya kuweka feza ya shule ya mtoto?
Hapana. Hesabu nzuri haifanyi feza ya mwingine kuwa yake.

Je, aliyepoteza afanye nini?
Asikope ili kuifuata. Aache, aseme kweli kwa wale aliowakosea, alipe kwa kazi ya mikono yake.

Je, ubatizo unaondoa deni?
Ubatizo unaondoa dhambi zote. Deni la jirani linabaki, na yapasa lilipwe.

KUSUDI LA JUMA

Juma hili kila mkatekumeni aketi pamoja na mwenzi wake wa ndoa, au na wazazi wake, wahesabu pamoja feza ya nyumba mbele ya Mungu, bila kuficha hata franka moja. Aliye na siri ya namna hii aiseme kabla ya Dominika.