Mkono Unaojulikana

Mimba inapofika mwezi wa saba, mgongo huanza kusema. Homoni iitwayo relaksini hulegeza kano za nyonga, tumbo huvuta mbele, na mwanamke hukesha akitafuta ubavu wa kulalia. Hapa Msuka, kaskazini mwa Pemba, hana kairopraktiki wa kumwendea. Ana kliniki, ambako ataambiwa ni kawaida ya mimba na kupewa parasetamoli. Na ana mkunga wa jadi, atakayemlaza mkekani, ajipake mafuta ya nazi viganjani na kumchua kiuno taratibu.

Nasoma shahada ya uzamili, na kwetu wasomi swali hili hujibiwa upesi: mkunga hana cheti, basi asiguse. Naona jibu hilo linatazama pasipo.

Mwaka 1895, huko Davenport, Iowa, Daniel David Palmer alianzisha kairopraktiki, tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, akiamini kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili zilizohama mahali pake. Imani hiyo haikuthibitika. Hata hivyo, leo Marekani watu wa kazi hiyo wana vyuo na leseni, na wajawazito huwaendea. Wapo wanaotumia mbinu ya Larry Webster ya kulegeza nyonga, kwa matumaini kwamba mtoto aliyetanguliza matako atageuka. Ushahidi kwamba mbinu hiyo humgeuza ni dhaifu, na cheti kipo ukutani vilevile.

Kumbe madaktari wa uzazi nao humgeuza mtoto kwa mikono, juu ya tumbo, kuanzia wiki ya 36 au 37, na hilo lina ushahidi: karibu nusu ya majaribio hufaulu. Mkono ni uleule. Tofauti iko nyuma ya mkono: altrasaundi ya kuonesha kondo limekaa wapi, kipimo cha mapigo ya moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kilicho tayari endapo kondo litaachia.

Kuna hadithi katika Sunan ya Abu Dawud ambayo wanazuoni wa fiqhi wameijengea hukumu: anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, madhara yakitokea, dhamana ni yake. Neno linaloninyima usingizi ni hilo "hajulikani". Hajulikani na nani? Mkunga wetu anajulikana kila nyumba. Amezalisha watu ambao leo wana wajukuu. Wizara haimjui. Yule wa Iowa anajulikana na bodi yake, lakini mjamzito anayelala mbele yake pengine hamjui hata kidogo. Nafikiri linalotakiwa lijulikane ni mpaka: watu wajue huyu anaacha wapi.

Dada yangu alikuwa na miezi minane. Kabla ya kumgusa, mkunga alimuuliza: umeona damu? Una homa? Maumivu yanakuja na kuondoka? Alipojibiwa hapana, akamchua mgongo jioni tatu mfululizo, na dada akalala. Siku ya nne akapapasa tumbo, akakuta kichwa kiko juu, chini ya mbavu. Mama mkubwa akamwomba amgeuze mtoto, kama walivyofanya wakunga wa zamani. Bibi yule akafuta mafuta kwa kanga yake.

"Mgongo naujua," akasema. "Hapa si pangu. Mpelekeni spitali."

Kutoka Msuka, hilo si jambo dogo kwa mwenye mimba ya miezi minane: gari hadi Konde, gari nyingine, nauli, na mtu wa kubaki na watoto. Wiki ileile ikasemwa kwamba mkono wa bibi umepoa, na jirani akataja mwanamke wa kijiji cha pili anayegeuza bila maneno mengi. Sijui kama alimzidi bibi kwa ujuzi. Alichosifiwa ni kwamba hakatai. Tunawalaumu wakunga kwa kuvuka mpaka, kisha tunawanyima riziki wanaposimama kwenye mpaka.

Kliniki nayo ina deni. Maumivu ya kawaida bado ni maumivu. Kumwonesha mwanamke namna ya kulala na mto kati ya magoti, au mazoezi mepesi ya kiuno, hakuhitaji mashine. Asipoguswa pale anapoweza kuguswa kwa usalama, atatafuta mkono mwingine, na hatachagua daima mkono unaojua kuacha.

Dada hakwenda kijiji cha pili. Alikwenda hospitali, akapimwa, akapangiwa siku. Mkunga alilipwa kwa jioni tatu za kuchua. Kwa siku ya nne hakupewa kitu, kwa kuwa, kwa hesabu ya nyumbani kwetu, siku hiyo hakufanya kazi.