Mungu na Haja za Waja katika Bhakti ya Kihindu

Kila dini inayomkiri Mungu mwenye kusikia dua hukabiliwa mapema na swali gumu, kwa sababu Mungu anayempa kila mtu akitakacho huelekea kuwa mtumwa wa tamaa za watu, ilhali Mungu asiyejali haja za waja wake hana tofauti kubwa na sheria ya maumbile isiyo na masikio. Katika Uhindu swali hili limechimbwa zaidi ndani ya bhakti, yaani njia ya kumwendea Mungu kwa mapenzi na utumishi wa moyo, inayotofautishwa na njia ya matendo na njia ya elimu. Kauli ya msingi imo katika sura ya 4 ya Bhagavad Gita, mazungumzo ya Krishna na shujaa Arjuna kwenye uwanja wa vita wa Kurukshetra, ambamo Krishna anaeleza kwamba jinsi watu wanavyomwendea ndivyo naye anavyowapokea.

Sura ya 7 inaipanua kauli hiyo kwa kutaja watu wa namna nne wanaomgeukia Mungu: aliyefikwa na dhiki, anayetafuta elimu, anayetaka mali, na mwenye hekima ambaye tayari amemjua. Wa mwisho ndiye anayesifiwa kuliko wote, lakini Krishna hawadharau watatu waliobaki, bali anawaita wote watu wema, hata yule aliyeletwa na haja ya mali. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa maana linafungua mlango kwa mtu wa kawaida ambaye hajawahi kuomba ila pale alipopungukiwa. Sura hiyohiyo inakwenda mbali zaidi na kusema kwamba hata wanaoabudu miungu mingine kwa kusukumwa na tamaa, imani yao huimarishwa na Krishna mwenyewe, na wanachokipata hutoka kwake, ingawa tunda lao lina mwisho. Mungu wa namna hii hangojei ombi lisafishwe ndipo alisikilize.

Je, huo si upendeleo, ikiwa mmoja hupata na mwingine hukosa? Wanafalsafa wa Vedanta, yaani mapokeo ya fikra yanayojengwa juu ya maandiko ya Upanishadi, walijibu kwa kurejea karma, ile kanuni kwamba kila tendo huzaa tunda lake: tendo halijilipi lenyewe, bali Mungu ndiye atoaye tunda kwa kadiri ya stahili, na kwa hiyo tofauti za watu haziwi dhuluma yake. Washairi wa bhakti hawakuikana hoja hiyo, lakini waliona kwamba haitoshi, na badala ya hakimu wakapenda kumfananisha Mungu na mti wa mbinguni uitwao kalpavriksha, ambao humpa kila aliyefika chini yake kile anachokitamani bila kuuliza ukoo wala cheo chake.

Mfano wa mti, hata hivyo, una kasoro moja, nayo ni kwamba mti haumbadilishi mwombaji, na hapo ndipo Bhagavata Purana inapouacha nyuma. Kitabu hiki chenye juzuu 12, ambacho wasomi wengi hukiweka karibu na karne ya 9 au ya 10, ndicho Wahindu hukisoma na kukifafanua kwa siku saba mfululizo, desturi iliyovuka bahari pamoja na wahamiaji wa Gujarat hadi Afrika Mashariki. Juzuu ya 4 inasimulia habari za Dhruva, mtoto wa mfalme mwenye umri wa miaka mitano, aliyetaka kupanda mapajani mwa baba yake pale ndugu yake wa mama mwingine alipokuwa amepakatwa, akazuiwa na mama wa kambo aliyemwambia kwamba asiyezaliwa tumboni mwake hana haki ya kiti hicho. Kwa uchungu na hasira mtoto aliingia msitu wa Madhuvana, kando ya mto Yamuna, akafunga mwezi baada ya mwezi, kwanza akila matunda kila baada ya siku kadhaa, kisha majani makavu, kisha maji matupu, mpaka akamtokea Vishnu, Mungu ambaye Krishna ni umbo lake duniani. Alichotaka ni cheo kikubwa kuliko cha baba yake. Hakukemewa kwa tamaa hiyo. Vishnu alimgusa shavu kwa kombe lake ili apate maneno ya kumsifu, akamwahidi ufalme na baadaye makao katika nyota ya kaskazini isiyohama. Dhruva alirudi nyumbani akiwa na huzuni, kwa kuwa alitambua kwamba amesimama mbele ya Mungu mwenyewe naye akaomba kitu chenye kikomo. Ombi lake lilijibiwa kikamilifu, na kujibiwa huko ndiko kulikomfundisha jinsi lilivyokuwa dogo, somo ambalo kunyimwa kusingeweza kumpa.

Si kila mara majibu huwa ya upole hivyo. Katika juzuu ya 10 inaelezwa kwamba Mungu humpokonya taratibu mali yule anayetaka kumfadhili, hadi jamaa zake wamtupe na asibakiwe na kimbilio lingine, ilhali Shiva, mungu mkuu mwingine, anasifika kwa kutoa upesi, hata akampa pepo mwovu aitwaye Vrika uwezo wa kumuua yeyote atakayemgusa kichwa na kujikuta yeye mwenyewe akikimbizwa. Waabudu wa Shiva wana haki ya kukumbusha kwamba kisa hicho kimesimuliwa na wapenzi wa Vishnu, na kwamba kwao wepesi huo wa kutoa ni utukufu. Fundisho la mali kupokonywa nalo linahitaji tahadhari, kwani likiwekwa kinywani mwa mtu aliyeshiba akimwambia maskini, linageuka ukatili. Ndani ya kitabu lina uzito kwa sababu ni Mungu anayejieleza kwa waliompenda.

Kitabu hichohicho kina pia mja asiyetaka kuomba. Prahlada, mwana wa mfalme katili Hiranyakashipu, alipotakiwa na Mungu achague zawadi, alijibu kwamba anayetumikia kwa kutaka faida ni mfanyabiashara, si mtumishi, akaomba tamaa isiote tena moyoni mwake. Hata hivyo hakunyamaza, kwani mara baada ya hapo alimwombea baba yake asamehewe, naye ndiye aliyemtesa. Haja haikufa, iliacha kujizunguka yenyewe.

Kanuni ya Gita inafikia ukingo wake kwa wanawake wachungaji wa Vrindavana, waliotoka usiku kumfuata Krishna naye akatoweka kati yao. Waliporudi kumwona na kumhoji, alieleza kwamba huchelewa kuwaitikia wanaompenda ili mioyo yao isimwachie, kisha akakiri kwamba deni lao hawezi kulilipa hata kwa umri wa miungu. Krishnadasa Kaviraja, mwanateolojia wa Bengali aliyeandika maisha ya mtakatifu Chaitanya mwanzoni mwa karne ya 17, alilichukua ungamo hilo kwa uzito wake wote: Krishna alikuwa ameahidi kumlipa kila mtu kwa kadiri ya ibada yake, na kwa wanawake hao, ambao hawakuwa na ombi lolote ila furaha yake, ahadi hiyo ilimshinda kuitimiza.