Je, Wingi wa Watu Watosha Kuwa Sharia?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad na jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baadu.

Lipo neno lipendwalo barazani: "Watu wote wamekubali, wewe ni nani wa kukataa?" Husemwa penye arusi, penye matanga, na khasa penye kugawa mali ya maiti, na msemaji wake hudhani kwamba amekwisha kata shauri. Neno hili lataka kupimwa.

Wala asidhani mtu kwamba Uislamu wadharau maoni ya wengi. Mwaka wa 3 wa Hijra (625), Makureshi walipoijia Madina, Mtume (s.a.w.) alipendelea kuwangoja ndani ya mji. Wengi, khasa vijana waliokosa kuhudhuria Badri, walitaka kutoka nje. Mtume akaingia nyumbani, akavaa deraya. Wakajuta kwa kumlazimisha, wakamwomba afanye apendavyo. Naye akakataa kuivua baada ya kuazimia. Akatoka hadi Uhud, na Waislamu kiasi cha 70 wakauawa, naye mwenyewe akajeruhiwa usoni. La ajabu ni kwamba baada ya msiba huo shauri halikufutwa: katika Sura ya Aali Imran, penye aya zielezazo vita vile, Mtume aliamrishwa awasamehe na ashauriane nao. Basi katika jambo lililoachiwa watu, kama mahali pa kupigana, siku ya kusafiri, au kisima kichimbwe wapi, rai ya wengi ni njia njema ya kuondoa ugomvi, hata ikiwa mara nyingine hukosa.

Huko Hudaybiya, mwaka wa 6 (628), mambo yalikuwa mengine. Watu kiasi cha 1,400 walikuwa pamoja naye, na wengi wao walichukizwa na mapatano yale, hata Sayyidna Umar akauliza kwa ukali. Mtume hakuhesabu vichwa. Alijibu kwamba yeye ni Mjumbe wa Mwenyezi Mungu wala hatamwasi. Alipowaamrisha wachinje na kunyoa, hakuinuka mtu. Aliyepata rai ya sawa siku ile alikuwa mmoja, naye mwanamke, Ummu Salama: alimshauri atoke asiseme na mtu, achinje, anyolewe. Walipomwona, wakainuka wote.

Sharia isiyo na msingi ila wingi hugeuka pamoja na wingi. Marekani waliharimisha kutengeneza na kuuza ulevi kwa badiliko la 18 la katiba yao, lililoanza kutumika mwaka 1920. Kisha mwaka 1933 wakaliondoa kwa badiliko la 21. Wala hawakuvunja kanuni yao, waliifuata barabara. Ulevi ulikuwa ule ule, kilichogeuka ni hesabu ya kura.

Mwenye elimu kidogo atasema: Je, Ijmai si hoja? Ni hoja. Lakini Ijmai ni kuafikiana kwa mujtahidi wote wa zama moja, nao huafikiana kwa kutegemea dalili. Si kuitikia kwa waliohudhuria barazani. Akikhalifu mujtahidi mmoja tu, Ijmai haikuthubutu, na hii yenyewe ndiyo kauli ya wanavyuoni walio wengi!

Sasa na litazamwe shamba la minazi. Baba amekufa, madeni yamelipwa, warithi ni mwana mmoja na binti mmoja. Sura ya Nisai imekwisha gawa: mwana mafungu mawili, binti fungu moja. Wazee wanakutana, wanasema shamba lisikatwe, kwani binti ameolewa na mumewe anamlisha. Wote wanaitikia. Kuitikia kwao, wawe kumi au elfu, hakumwondolei binti thuluthi yake. Akijua fungu lake, akalishika, kisha akampa nduguye kwa ridhaa yake, hiyo ni hiba. Akinyamaza kwa kuwaonea haya kaka yake na ami zake, kunyamaza huko si hiba, na nazi anazoangua kaka katika thuluthi ile ni mali ya mwenziwe.

Wallahu aalam.